Kibakuli Kilichojaa: Maisha ya Mama Rohmingliani wa Osh

Kitu cha kwanza ambacho Burulkan alikiona kwa jirani yake mgeni kilikuwa mkono. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na mama yule mfupi alikuwa amekwisha kupima mchele wa chakula cha mchana. Kisha akachota konzi moja kutoka chunguni na kuitia kwenye kopo la bati. Burulkan, mjane aliyeoka mikate katika tanuri la uani, alijisemea moyoni kwamba mgeni huyu ni bahili.

Mama huyo, Rohmingliani, alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha milimani karibu na Champhai, nchi ya Wamizo, mashariki kabisa ya India. Kabla hajajua kusoma, mama yake alimfundisha kwamba kila chungu kinapoinjikwa, konzi moja ya mchele ni ya Mungu. Konzi hizo zilikusanywa nyumba kwa nyumba, zikauzwa, zikawapeleka wahubiri mbali. Mwaka 1959 mianzi ilichanua, panya wakazaana kwa kula mbegu zake, wakamaliza mashamba, na watu wakaishi kwa viazi vya porini. Rohmingliani hakuwa na mchele wa kuweka, basi akaweka kipande cha kiazi.

Aliolewa na Zathanga, seremala mpenda mizaha, wakalea watoto na kuona wajukuu. Mwaka 1999 kanisa lao lilitafuta wazee wa kwenda kuishi Osh, katika nchi ya Wakirgizi, wafungue nyumba ya sala. Zathanga alimwambia mkewe, "Mama, mimi na wewe tuna magoti manne, yote mabovu."

"Mabovu, lakini bado yanapigika," akajibu.

Wakaenda. Walipewa mwaka mmoja tu: kama hapangekuwa na mtu wa kusali nao, wangerudishwa na nyumba ingefungwa.

Hapo ndipo jaribu lilipoanza. Majirani walikuja, maana Waosh hawampiti mgeni bila kumjulia hali. Rohmingliani aliwapikia chai na kuwajazia vibakuli vya kunywea hadi ukingoni, kama alivyolelewa. Kwa Wamizo kumpa mgeni chai pungufu ni kumdharau. Wageni walivitazama vibakuli, wakanywa, wakashukuru, wakaondoka. Baridi yote ikawa hivyo. Kila alipozidisha ukarimu, ndivyo walivyozidi kuharakisha. Alilia jikoni akiwa amefungulia bomba, mumewe asisikie.

"Labda ni sura yangu," alisema Zathanga.

"Sura yako mimi niliizoea. Na wao wataizoea."

Mwezi wa Machi Burulkan alileta mkate wa moto. Akawekewa kibakuli kilichojaa pomoni. Akasimama, lakini safari hii alipofika mlangoni hasira zilimshinda.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu!"

"Mbona kila nikija unanifukuza? Hata mkate wangu haujapoa!"

"Nakufukuza vipi, na chai nimekujazia?"

"Ndiyo hiyo! Kwetu anayejaziwa ni yule anayetakiwa aende zake. Anayetakiwa akae anamiminiwa kidogo, birika limrudie tena na tena."

Zathanga alicheka hadi akashika meza. "Mama, tumeufukuza mji mzima, tena kwa heshima!"

Rohmingliani hakucheka. Alikichukua kibakuli, akairudisha chai birikani, akamimina funda moja. Burulkan akaketi. Aliketi hadi unga wake huko uani ukaumuka na kumwagika nje ya beseni.

"Na ule mchele unaouficha?" aliuliza hatimaye. "Nilidhani ni ubahili."

Akaelezwa. Tangu hapo mchele wa kopo ulipikwa kila Alhamisi kwa yeyote aliyeingia. Watu wakakaa, na kabla mwaka haujaisha baadhi yao wakawa wanabaki kwa sala. Nyumba haikufungwa. Zathanga alifariki mwaka 2004 akazikwa huko huko; watoto wakamwita mama yao arudi, naye akakataa.

Waumini husimulia kwamba baridi moja, njia ya mlimani ilipozibwa na theluji, kopo lile halikuisha. Rohmingliani mwenyewe alisema majirani walikuwa wakitia konzi zao kwa siri, na kwamba muujiza ndio huo.

Februari 2008 moyo wake ulichoka. Burulkan alimuuguza, akimmiminia chai kidogo, kidogo sana, hata kitako cha kibakuli hakikufunikwa vizuri. Mgonjwa alitabasamu kila mara, akanywa. Asubuhi moja alikishika kibakuli, hakukirudisha.

"Jaza, dada."

"Nyamaza. Kunywa hiyo."

"Burulkan. Jaza."

Burulkan akajaza hadi ukingoni. Rohmingliani aligusa chai kwa midomo, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, na kabla ya adhuhuri akalala katika Bwana.

Katika nyumba ile bado chai humiminwa kidogo, na konzi bado hutengwa. Nasi tunaofika ugenini na wema wa kwetu tujifunze kwake kuumimina upya, kwa kipimo cha wenyeji.

Siku ya mazishi watu walipoanza kutawanyika, Burulkan alibaki kaburini, akasema kwa sauti jambo ambalo miaka yote alikuwa amelisema kwa birika tu:

"Nilijaza kwa sababu uliniomba. Mimi nilitaka ukae."