Mashine niliyoiandika jina, leo nimeikuta kwa shemeji

Leo shemeji kanikaribisha kwenye mashine niliyoichagua mimi.

Nyie mnajua nilivyohangaika kutafuta mashine ya kukereza mbao. Nilitaka ya saizi ya kati, inayopokea mguu mrefu wa kitanda na kuenea kwenye kibanda changu hapa Makanyagio.

Nikaipata dukani. Nikaandika jina langu pembeni kwa chaki, muuzaji asimpe mtu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu, akanivuta kando.

"Shem, hiyo itakusumbua. Umeme wetu huu utaunguza mota. Chukua ile ndogo."

Nikachukua ndogo. Si ndiye aliyenitangulia kwenye kazi?

Leo mteja kataka nguzo ndefu za kitanda, za kufungia neti. Kwangu haziingii. Nikabeba mbao hadi kwa shemeji, Kawajense, anielekeze kwa fundi mwenye mashine ndefu.

Nimeikuta kwake. Ile ile. Inaunguruma.

Wala hajashtuka.

"Karibu shem. Lete nikukerezee."

Mke wangu anasema ninyamaze, ni kaka yake. Nyie wenye mashemeji, mngenyamaza?

Maana hata lile jina langu hajalifuta.