Kisanduku cha Faksi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa zahanati ya Uriri alinikabidhi funguo za kabati la kadi akaniambia nimshuku kila mtu. Nilikuwa msichana mgeni wa kazi, nikadhani ananitania.

"Atakayesimama hapo dirishani usimwamini upesi," alisema. "Si ati ni mwizi. Lakini ukimpa kadi ya mwingine, daktari atatibu kadi."

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya karani wa kumbukumbu za wagonjwa, mjue ndiyo hiyo tu: kuhakikisha mtu aliye mbele ya daktari ndiye aliye kwenye faili. Shida ni kwamba kwetu mtoto hupewa jina kwa wakati aliozaliwa. Msichana wa asubuhi ni Akinyi, wa usiku ni Atieno. Ongeza Rose au Mary ya ubatizo, na kila kijiji kina Rose Akinyi wake. Tena akina mama wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, na sisi makarani tuliwaandikia wote Januari mosi. Kila zahanati niliyofika, desturi ilikuwa hiyo hiyo.

Tulijiokoa kwa swali moja: "In nyar kanye?" Wewe ni binti wa wapi? Mwanamke aliyeolewa huku huitwa kwa alikotoka: Nyar Takawiri, Nyar Muhuru. Nililiandika kwa penseli pembeni mwa kadi. Mimi mwenyewe nilipoolewa Homa Bay nikawa Nyar Uriri.

Kabla ya hapo nilihamishiwa Muhuru Bay, chini ya Muuguzi Mkuu mmoja asiyecheka. Huko akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, waliazimana kadi kama wanavyoazimana karai. Mke mwenza akiumwa, anakuja na kadi ya mwenzake ili asipange foleni ya wagonjwa wapya. Nikajifunza kukagua uso, kovu, na mimba iliyokuwa kubwa juzi na leo haipo. Baadaye mume wangu alikuwa akilalamika kwamba namkagua hata yeye akiingia nyumbani.

Kisha nikapata kazi Homa Bay, katika hospitali ya kanisa, na ndipo nilipokutana na kompyuta. Programu yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilikuwa na kisanduku cha kujaza nambari ya faksi, lakini simu ya mkononi haikuwa na mahali pake. Ukikosea kitufe inaganda, na foleni nzima inakutazama wewe. Hayo ningeyavumilia. Kilichonitisha ni kwamba ikiona jina moja na tarehe moja, ilichukulia kuwa ni mtu mmoja, ikaunganisha mafaili bila kumuuliza yeyote. Ile Januari mosi yetu ikatugeukia.

Asubuhi moja Rose Akinyi wa Takawiri alikuwa akingoja sindano. Daktari, akisoma skrini, akamuuliza kuhusu kidonda chake cha upasuaji.

"Operesheni gani, daktari? Mimi watoto wangu wote nilizaa tu kawaida."

Upasuaji ulikuwa wa Rose Akinyi mwingine, Nyar Muhuru. Na onyo kwamba penisilini nusura imuue huyu wa Takawiri lilikuwa limezama chini ya habari za mwenzake. Daktari aliiweka sindano ya penisilini mezani polepole.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi Mkuu wa hospitali. "Sir, hii programu itaua mtu."

"Madam, hiyo kitu bado inatembea," alijibu bila kuniangalia. "Kitu inatembea haiguswi."

Nilisikia kwamba aliyeileta programu ni shemeji yake. Basi! Nikaanza kumchunga: nani kaingia ofisini, kwa nini mlango umefungwa, kwa nini sauti zimeshuka nilipopita. Niliandika barua ya kuacha kazi nikaitia mkobani. Nikibaki, siku moja Rose mmoja angekufa kwa mkono wangu. Nikiondoka, atakayekalia kiti changu asingeuliza mtu ni nyar kanye, naye Rose angekufa vilevile. Niliogopa yote mawili, na kila jioni nilirudi nyumbani na barua yangu.

Halafu nikaona akina Mary Atieno wawili, wote wa Januari mosi, ambao programu haikuwaunganisha. Nilishuku hata hiyo heri. Nilipochunguza, mmoja alikuwa mwalimu, na karani fulani alikuwa amemjazia faksi ya shule. Kumbe faksi zikitofautiana, programu iliwaacha watu mbalimbali! Kuanzia siku hiyo kisanduku cha faksi kikawa cha nyar. Wenzangu walicheka, kisha wakafuata. Tuliwatenganisha wagonjwa mmoja mmoja, kila aliyefika dirishani.

Programu mpya ililetwa hatimaye na vijana kutoka Nairobi. Ilikuwa na rangi, na haikuganda. Watu walipiga makofi. Mimi nikasema, "Nitafutie Rose Akinyi."

Kijana akaandika. Akatokea mmoja tu.

"Wengine wako wapi?"

"Mathe, hizo zilikuwa duplicate, zimejirudia tu, tumezi-clean. Na hiyo ya fax tukatoa. Nani anatuma fax siku hizi?"

Jioni hiyo ile ya zamani ilikuwa izimwe. Niliweka barua mezani kwa Msimamizi Mkuu. "Mkizima, natoka leo."

Aliisoma yote. Nilingoja afurahi. Badala yake aliinuka, akaenda kwa yule kijana.

"Rudisha faksi."

"Lakini sir..."

"Rudisha, na usizime kitu. Mama watoto wangu ni Rose Akinyi, Nyar Muhuru. Sasa hapo kwa kompyuta yako amekuwa nani?"

Baadaye aliniambia kwamba hospitali aliyotoka, walibadilisha programu wakapoteza mafaili yote, na tangu hapo neno 'mpya' lilimtia hofu. Na mlango?

"Nilikuwa nafunga nikimgombeza shemeji. Huyo mtu simwamini hata kidogo."

Muda wote nilikuwa namchunga, kumbe naye alikuwa akichunga. Niliona aibu, ingawa hadithi ya shemeji sikuimeza yote. Akanirudishia barua yangu. "Weka, Nyar Uriri. Wataleta programu ingine."

Niliiweka hadi nikastaafu. Juzi nilikwenda kliniki ya presha pale pale. Dirishani palikuwa na msichana asiyenijua. Jina? Rose Akinyi. Tarehe? Januari mosi.

"Faksi?"

Nilimjaribu kidogo. "Mimi mama mzee natoa wapi faksi?"

"Mama, hapa hatutibu mtu hana faksi. In nyar kanye?"

"Nyar Uriri."

Akaandika, akasita. Aliniangalia uso, akashuka hadi kwenye mikono, kwa macho makali ya mtu asiyeamini kitu. "Nyar Uriri mko wawili. Wewe ni gani?"

Nilifurahi nusura nilie. Nilipofika nyumbani niliitoa ile barua mkobani, nikawashia jiko.