Kuku Kumi na Wawili wa Senje

Kuku aliyekaushwa juu ya moshi ana harufu mbili. Ya kwanza ni ya moshi wenyewe, kavu, inayokwaruza koo kidogo. Ya pili hutoka baadaye, nyama inapoingia kwenye maji moto na mafuta yakaanza kuachia, na hiyo ndiyo humfanya mtu aliye barabarani ageuze shingo. Nilizijua harufu hizo nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika hoteli ya shangazi yangu Rispa, kando ya barabara inayotoka mjini Kakamega kupitia Khayega. Tuliiita hoteli kwa sababu kila palipouzwa chakula paliitwa hoteli. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la mabati, meza mbili ndefu, mabenchi manne, na jiko la nyuma lenye mafiga makubwa. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, na juu ya uchaga walilala kuku waliopasuliwa na kubanwa bapa, rangi yao ikibadilika siku hadi siku kutoka manjano hadi kahawia.

Nilikuwa nimetoka Musanda, ambako likizo ya Agosti ilikuwa miwa mbele ya nyumba, miwa nyuma ya nyumba, na trekta za miwa zikitumwagia vumbi. Rispa alikuwa dada wa baba yangu, kwa hiyo tulimwita senje. Aliolewa upande wa Khayega, mumewe akafariki, na baada ya matanga hakurudi kwao kama wengi walivyotarajia. Alifungua hoteli. Baba hakupenda. Alimwambia mbele yangu kwamba ajaribu mpaka shule zifunguliwe, na kama watu hawaingii, arudi Musanda ajengewe nyumba karibu na yetu. Mimi nilipelekwa kwake kama mgeni wa likizo, lakini kabla sijaondoka Baba aliniinamia akasema, "Nikija kukuchukua, utaniambia ukweli." Niliuchukulia wajibu huo kwa uzito ambao leo unanichekesha. Nilikaa kwenye kona ya benchi na kutazama nani ameingia, ameagiza nini, na kama amebakiza.

Siku za kazi waliingia wachache. Walikunywa chai kwa mandazi na kwenda zao. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, na sisemi hivyo kwa sababu ya undugu. Mrenda wa Senje, ile mboga ya majani inayoteleza, ulipikwa kwa munyu, yaani maji yanayochujwa kutoka kwenye jivu la maganda ya maharagwe, ukawa laini bila kuwa uji. Ugali wake aliusonga kwa unga wa mtama na muhogo, ukasimama kwenye sahani bila kutawanyika. Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Huko kulikuwa na hoteli mpya yenye sakafu ya saruji na redio, na watu wakaenda kwenye redio.

Kilichobaki ni Jumamosi. Jumamosi za Agosti ndizo zilizokuwa sikukuu za upande ule, na sikukuu yenyewe ilikuwa kupiganisha mafahali. Kwa mtoto wa Musanda hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kabla jua halijachomoza ungesikia ngoma za isukuti zikija kutoka pande mbili, firimbi, na pembe, kisha unaona matawi ya miti yakitikisika juu ya vichwa vya watu, na katikati yao fahali anatembea kama bwana harusi asiyejali. Wanapambana uwanjani mpaka mmoja ageuke akimbie. Basi. Nilichojifunza haraka ni kinachofuata. Watu wa fahali aliyeshinda huja barabarani na ngoma zao, huingia hotelini na kula kwa kelele kubwa ili kila mtu ajue. Watu wa aliyeshindwa hushika njia ya mtoni kimya kimya, wakaenda kula kwao.

Wiki ya mwisho ya likizo Mzee Shivachi alikuja kunywa chai. Alikuwa na fahali mweusi aliyeitwa Inspekta, ambaye hakuwa ameshindwa msimu wote.

"Mama," alimwambia Senje, "Jumamosi ninakuja kwako na watu wangu wote. Pika. Usipike kama ya watu wa chai."

"Na ng'ombe ikishindwa, mzee?"

"Inspekta haishindwangi."

Senje alitazama uchaga. Walikuwapo kuku kumi na wawili, wote aliokuwa nao. Hapo lazima nieleze jambo moja la jikoni. Kuku wa moshi hukaa hata wiki tatu bila kuharibika, lakini akishachemshwa, na hakuna friji, hamalizi siku mbili. Na ni mgumu; ukitaka aive wakati watu wanatoka uwanjani, umteleke kabla fahali hawajakutana. Kwa hiyo Senje alilazimika kupika kabla ya kujua nani atashinda. Baba naye alituma ujumbe kwamba atafika Jumamosi hiyo hiyo mchana.

Aliwateleka wote kumi na wawili. Nilimwona akifunika sufuria ya mwisho na kusimama na mwiko mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Kisha akanipa kazi. "Nenda uwanjani. Ugali haungojewi, unaliwa moto. Inspekta akishinda, kimbia uniambie nipime unga."

Nilikimbia hadi uwanjani na kupenya katikati ya miguu ya watu. Inspekta aliingia akipuliza pua. Mpinzani wake alikuwa fahali mwekundu aitwaye Stima, wa mzee mnene mwenye kofia ya majani, Mzee Ingosi. Waligonganisha vichwa, na sauti ile niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Wakasukumana hatua tatu huku, hatua tatu kule. Umati ukapiga kelele. Halafu, kwa sababu ambayo mpaka leo sijaweza kuipata, Inspekta akatoa pembe zake, akainamisha kichwa, akaanza kula majani. Stima akamtazama. Naye akaanza kula. Watu waliwachapa kwa matawi, wakawapulizia pembe masikioni, ngoma zikapigwa mpaka mikono ikauma. Fahali wale wawili wakaendelea kulisha bega kwa bega kama ng'ombe wa boma moja.

Niliporudi hotelini nilisimama mlangoni.

"Ameshinda?" Senje akauliza.

"Hapana."

"Ameshindwa?"

"Hapana. Wanakula majani."

Hakucheka. Alitoka nje akasimama kando ya barabara, nami nyuma yake. Makundi yote mawili yalikuwa yamefika pale njia panda, mbele ya hoteli, ngoma zikiwa zimebebwa begani bila kupigwa. Yalikuwa yakizozana, lakini kwa uchovu. Mzee Shivachi alimwona Senje akaangalia viatu vyake. Bila ushindi hakukuwa na sherehe, na bila sherehe angeingiaje hotelini na ngoma? Mzee Ingosi alikuwa amekwisha kugeuza fahali wake kuelekea njia ya mtoni, na watu wake wakaanza kumfuata. Watu wa Shivachi nao wakaanza kutawanyika. Nyuma yetu sufuria zilikuwa zinachemka, na harufu ilikuwa imefika barabarani bure.

Sikuwa mjanja. Nilikuwa tu mtoto aliyepewa kazi ya kuleta habari ya unga na hakuwa ameimaliza. Nikauliza kwa sauti, maana kulikuwa na kelele: "Senje, utapima unga wa watu wangapi? Wale wanaoshika njia ya mtoni ndio walioshindwa?"

Kelele zilikatika. Mzee Ingosi aligeuka polepole, kamba ya Stima mkononi.

"Nani ameshindwa?"

"Mtoto ameuliza tu," Senje akasema. Kisha nikaona uso wake ukibadilika. Akapandisha sauti. "Lakini mimi nimepikia walioshinda. Anayeenda nyumbani na njaa, aende. Tutajua ni wa upande gani."

Kijana mmoja akaangua kicheko. Mzee Ingosi alimkabidhi kamba, akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la kwanza. "Mama, leta maji ya kunawa."

Mzee Shivachi hangeweza kukubali hilo. Aliingia na watu wake wote, akaketi benchi la pili, akimtazama mwenzake uso kwa uso. "Na mimi maji. Kwanza mimi. Chakula ni changu hiki."

Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa nje juu ya ngoma zao. Watu kumi walitoka hata kwenye hoteli ya redio kuja kuona. Kulikuwa na hatari moja iliyobaki, nayo ni firigisi, ambayo kwetu hupewa mkubwa wa mezani. Senje alinipa sahani moja, akashika nyingine, akaninong'oneza, "Tuweke pamoja. Ukitangulia nitakuchapa." Tuliziweka mbele ya wazee wale wawili kwa pamoja kabisa, firigisi moja kila sahani.

"Stima yenu ilikuwa inakula majani," Shivachi akasema, mdomo umejaa.

"Ilikuwa inangojea yenu iamke."

"Mama, ongeza ugali! Wenye kushinda hawashibangi haraka."

"Basi huyu asipewe," Ingosi akasema, "ameshiba tangu uwanjani."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mrenda. Kufikia saa tano ngoma zilikuwa zinapigwa tena, na sidhani kuna aliyejua zinampigia nani.

Baba alifika mchana akamkuta Senje akisugua sufuria kwa jivu. Alitazama uchaga mtupu kwa muda mrefu.

"Kuku wako wapi?"

"Wameisha."

Akanigeukia. Nilimwambia ukweli kama tulivyoagana, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na majani. Alinisikiliza bila kucheka, kisha akaomba chakula. Kilichobaki kilikuwa ukoko wa ugali na mchuzi. Aliula wote. Akanawa, akasema chumvi imezidi kidogo, kisha akauliza, "Jumamosi ijayo unafungua saa ngapi?"

Senje alipika pale miaka mingi baada ya hapo.

Sasa ninaishi Amalemba, mtaa wa mjini Kakamega, na kila Agosti huenda uwanjani angalau mara moja. Kwa anayetaka kwenda, shauri langu ni kwamba aamke mapema, na kabla ya kuagiza kuku aulize kama ni wa moshi au wa friji. Hoteli za leo zina maji ya bomba, meza za vigae, na vyakula vilivyoandikwa ukutani. Nitasema kwa haki kwamba kuku niliyekula mwaka jana alikuwa ameiva kuliko wa Senje siku ile. Lakini fahali aliyeshinda aliondoka na ngoma zake bila kusimama, watu wakapanda bodaboda, na hotelini kila mtu alikula akitazama simu yake. Nilimuuliza mhudumu ni nani aliyeshinda.

"Sijui, mama. Sisi tunauzia wote."

Nilikuwa nikinawa ili niondoke wakati mwanamume mmoja wa meza ya pili alipoinua kichwa. "Ng'ombe yenu ilikimbia," alimwambia mtu wa meza ya tatu, ambaye nadhani hakumjua.

"Ilikimbia wapi? Ilizunguka."

"Ilizunguka mpaka nyumbani?"

Simu mbili zililazwa mezani. Mtu wa meza ya nne akavuta kiti. Nikamwita mhudumu, nikaagiza ugali mwingine, ingawa nilikuwa nimeshiba.