Wali Wangu Kwenye Fungu la Mchanga

Jamani, mkitaka kunicheka chekeni sasa hivi mmalize, maana hapa Ifakara hata anayeniuzia vitumbua ananiita Mama Kunguru, na mimi naitika.

Kazi yangu ni utafiti wa ndege, wale jamaa wa shakwe wa baharini ambao mdomo wao wa chini umezidi wa juu, wanaruka wakikata maji nao kama fundi anayekata kitenge. Kiangazi mto Kilombero ukipungua wanataga kwenye mafungu ya mchanga, hivihivi, hata jani la kutandika hawaweki (wavivu kama mimi, ndiyo maana tulielewana). Mwaka huu mayai yakawa yanapotea, na mimi, bila kuwaza mara mbili, nikajua ni ng'ombe wa Mzee Masanja, Msukuma anayenywesha mifugo yake palepale, upande wa Idete. Nikafunga kamera kwenye kisiki ili nipate ushahidi, nikamwambia mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, wafugaji wazuiwe pale kiangazi chote. Kwa Mzee Masanja hiyo ilikuwa kufa na kupona, maana kwingine kote ni mashamba ya mpunga, na ng'ombe akiingia huko ni kesi.

Siku moja kabla ya mkutano nilitakiwa niziangalie zile video. Nikawasha kompyuta, nikaona tamthilia yangu imebaki kipande cha mwisho, nikasema hebu nimalize hiki kwanza, nikamaliza, chaji ikaisha, na umeme nao ukawa umekatika. Nikajiambia ng'ombe ni ng'ombe, nitawaona hukohuko pamoja na wenzangu.

Basi, tukakusanyika darasani shuleni, khanga madirishani kuzuia mwanga, jenereta linanguruma nje, bosi wangu kaja kutoka Dar, na Mzee Masanja kakaa mbele kabisa, fimbo mapajani. Nikahutubia kuhusu uharibifu wa mazingira mpaka mate yakanikauka, kisha nikabonyeza.

Ng'ombe wakatokea ukutani. Nikasema, "Mnaona?"

Waliona. Mzee Masanja alikuwa mbele ya ng'ombe wake, anawageuza kwa fimbo, anawazungusha mbali na mayai, na ndama mmoja mkaidi kambeba mabegani. Nikakimbilia video inayofuata, na hapo nikajiona mwenyewe, nimetandika khanga mchangani, nafungua hotipoti ya wali na perege, nakula kwa raha zangu, namwaga makombo na miiba, naondoka. Kunguru wakashuka. Wakala makombo, wakamaliza, wakatazama huku na huku, halafu wakahamia kwenye mayai.

Nikataka kuzima, nikabonyeza sijui nini, ikaja nyingine, wali tena (siku hiyo na maharage), kunguru tena, safari hii wamefika kabla yangu, wananisubiri. Na sauti ilikuwepo. Darasa zima likanisikia nikimwambia dada yangu kwenye simu, "Hawa wafugaji hawana uchungu na viumbe kabisa."

Mtu nyuma akasema, "Nyani haoni kundule," na hapo kicheko kikalipuka, bosi wangu kainama anajifanya anafunga kamba za viatu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Masanja peke yake hakucheka. Akasimama, akaomba ruhusa.

"Mwenyekiti, mimi sina neno baya. Naomba tu huyu binti asikae na njaa kwa ajili ya ndege. Awe anakula kwangu."

Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoingia nilimpita bila kumwamkia. Nikasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akajibu. "Unapenda maziwa mgando?"

Mkutano ukaamua ng'ombe waendelee kunywa palepale, anayezuiwa ni mtafiti, asikanyage fungu la mchanga na chakula. Kwa hiyo sasa kila mchana nakula ugali na maziwa kwa Mzee Masanja, na mkewe ananipekua mkoba kabla sijateremka mtoni, hata karanga anazitoa. Mayai yameanza kuanguliwa, na inaniuma kusema hivyo, lakini ni tangu nilipodhibitiwa mimi.

Nimeapa sitamnyooshea mtu kidole tena kabla sijatazama video mpaka mwisho. Kunguru tu ndio hawajaambiwa, wakiniona kwa mbali wanashuka kujipanga.