Madam wa Fasihi Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Watu wakianza kusimuliana aibu zao mimi huwa nakaa kimya, si kwa sababu sina yangu, ni kwa sababu yangu nikiitoa za wenzangu zinaonekana kama kujikwaa tu njiani. Leo naitoa. Niliaibika mbele ya mchungaji, ustadhi, wazazi wa watu na masufuria mawili ya pilau, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyenisukuma, nilijipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, tena nikiwa nimependeza.

Ngoja nianze mwanzo ili twende pamoja. Naitwa Perpetua, ni mwalimu wa chekechea hapa Morogoro, upande wa Bigwa, na milima ya Uluguru imetukalia karibu kiasi kwamba watoto wetu wakichora nyumba lazima waweke na mlima, hata uwaambie wachore nyumba peke yake. Kazi yangu naipenda na naiweza. Nipe mtoto asiyejua kushika penseli, usinisumbue, baada ya muda utamkuta anaandika jina lake na la mama yake. Lakini cheti sikuwa nacho. Kidato cha nne nilimalizia Turiani zamani, masomo mengine yakanikubali, Kiingereza kikanikataa, na chuo cha ualimu wa awali nilichokitaka kilisema bila Kiingereza hawanipokei. Mkuu wetu wa shule naye alishaniambia (kwa upole, lakini aliniambia) kwamba siku zinakuja ambapo asiye na cheti hatasimama tena mbele ya watoto. Basi nikajisajili kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja tu, Kiingereza, mimi mama wa watoto wawili ambao mkubwa wao tayari ananizidi urefu.

Tuisheni nilielekezwa Kichangani, kwenye chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga ya Mama Mkude. Mashine ni yake, chumba ni chake, na tuisheni aliianzisha yeye baada ya kuona vijana wengi wa mtaani wamekwama kwa sababu ya somo hilo hilo. Mwalimu alikuwa mmoja, Mwalimu Hamisi, ambaye anafundisha sekondari huko Kingolwira na huja Jumamosi mchana akishamaliza mambo yake; sarufi na utungaji ndivyo vyake, vitabu vya fasihi hakuwahi kuvifundisha.

Jumamosi yangu ya kwanza nilitoka moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi, kwa hiyo nilikuwa na sketi nyeusi, blauzi nyeupe iliyonyooshwa, viatu vya kufunika na boksi la chaki ndani ya mkoba (chaki haikai mbali nami, hata kanisani ninayo). Mwalimu Hamisi alikuwa hajafika. Ndani walikuwemo vijana wa kujaza madawati yote, fundi seremala, dereva wa bodaboda, binti wa kazi za ndani, kila mmoja ameangushwa na Kiingereza kama mimi. Nikatokeza mlangoni. Wakasimama wote, wakaimba kwa pamoja ile salamu ya Kiingereza wanayopewa walimu, ile ndefu inayoishia na neno madam.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, jamani kaeni, na mimi ni mwenzenu. Ni maneno machache kabisa. Lakini mimi mtu akisimama na kunisalimia kwa wimbo, mdomo unajibu bila kuniuliza, miaka yote ndiyo kazi yake. Nikaitikia. Nikawaambia kwa Kiingereza wakae, wakakaa, nikatafuta pa kukaa nikakuta nafasi imebaki moja tu, kiti cha mbele, kando ya ubao. Nikakikalia.

Yule dereva wa bodaboda, Shukuru jina lake, akanisogelea na karatasi ya mtihani wa miaka ya nyuma. Akasema samahani madam, mwalimu alituahidi kwamba kuna mtu atakuja kutusaidia upande wa fasihi, sasa haya maswali ya tamthilia yanajibiwaje? Nikatazama swali. Kwa bahati mbaya nilikuwa nalijua. Tamthilia ndicho kitu pekee cha Kiingereza nilichokipenda shuleni, tulisoma mchezo mmoja wa chifu aliyekataa kuachia kiti hata baada ya watu wote kuhama, nikaukariri karibu wote. Nikamweleza Shukuru. Wa nyuma wakasema hawasikii. Nikasimama ili wasikie, kisha nikatoa chaki ili waone, na Mwalimu Hamisi alipofika akanikuta nimejaza ubao, nao wananakili kwa utulivu ambao (aliniambia baadaye) yeye hakuwahi kuupata.

Aliniita nje. Nikajua sasa namwambia. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono wa salamu, akasema, "Afadhali umekuja, madam. Mama Mkude aliniambia atatafuta mtu wa fasihi, nikajua ni maneno tu."

Nikasema, "Eeh."

Ndiyo hiyo tu, eeh, sikuongeza kitu na sikupunguza. Kuanzia siku hiyo nikawa madam wa fasihi. Nafundisha saa ya kwanza, kisha naenda kukaa nyuma kabisa wakati Mwalimu Hamisi anafundisha sarufi na utungaji, eti namtazama mwenzangu anavyofanya kazi, kumbe nanakili kila neno. Siku moja aliuliza swali nikanyoosha mkono kabla sijajikumbuka, ikabidi niugeuze niwe najikuna kichwa. Mama Mkude naye nilikuwa namkuta mbele kwenye mashine yake, mweupe kwa unga mpaka kope, nampa shikamoo ananiitikia na kunikaribisha chai ya walimu. Naye hakuwahi kuniuliza kitu.

Sasa nifafanue jambo moja, maana ndilo lililobeba msiba wote. Kwenye karatasi ya Kiingereza sehemu ya fasihi huruhusiwi kujibu kwa kitabu chochote unachokipenda. Vitabu vimepangwa, na hubadilishwa kila baada ya muda. Mimi nilifundisha mchezo wangu wa chifu, nakala yangu mwenyewe niliyoitoa kwenye sanduku la nguo, na sikuwahi kuuliza kama bado umo. Haikunijia akilini kabisa. Kwangu mimi kitabu cha Kiingereza kilikuwa kile, kama mlima ulivyo pale ulipo.

Na niliambiwa. Hapo ndipo panaponiuma. Yule binti wa kazi za ndani, Rehema, mtu wa Mgeta, anaongea polepole kwa sauti ya chini, alikuwa amemaliza shule karibuni kuliko wenzake, na Jumamosi moja akanyoosha mkono akasema kwao walisoma vitabu vingine, huu mchezo hakuwahi kuusikia. Sikumfokea. Ningemfokea ingekuwa afadhali. Nilimweleza kwa subira na upendo, kama ninavyomweleza mtoto wangu wa chekechea kwamba jua halijazimika bali limeingia wingu, kwamba vitabu ni vingi, kila shule inachagua vyake, asiwe na wasiwasi, achukue huu kwa sababu ni mfupi na mzuri. Shukuru akamwambia, "Wewe Rehema, unataka kubishana na madam?" Darasa likacheka. Rehema akakaa, akafungua daftari, akaandika nilichosema.

Wiki chache kabla ya mtihani Mama Mkude akaandaa sala na dua ya kuwaombea watahiniwa, kama inavyofanyika kila mahali, wakaalikwa wazazi, mchungaji na ustadhi, na mgeni rasmi akawa Mzee Kobelo, mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeheshimika mtaani. Mwalimu Hamisi akapendekeza darasa langu liigize kipande cha tamthilia ili wazazi waone kazi. Nikakubali, tena kwa furaha (mtu haoni shimo hata akiwa analichimba). Tukafanya mazoezi. Shukuru akawa chifu, koti lake la bodaboda akaligeuza ndani nje likawa joho, na siku yenyewe aliongea Kiingereza kile kwa nguvu mpaka mama yake, aliyekaa mstari wa mbele, akawa anajifuta macho na ncha ya khanga. Shukuru alitaka kusomea uuguzi. Masomo mengine yote alikuwa nayo, kilibaki hiki kimoja, na mama yake aliniambia kabla hatujaanza kwamba tangu nimekuja mwanawe anasoma hata akiwa kijiweni anasubiri abiria. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa walimu, napiga makofi.

Mzee Kobelo akasimama kutoa neno. Akawasifu sana. Kisha akasema, huku anatabasamu, "Hii mmeigiza vizuri. Sasa ile ya kwenye mtihani mtaigiza lini?"

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mchezo ule aliufundisha mwenyewe miaka mingi, mpaka ukatolewa kwenye orodha, na haujarudi. Akasema mtu akiujibia, msahihishaji atamsoma, atafurahi, halafu atampa sifuri.

Mwalimu Hamisi akanigeukia taratibu. "Madam, orodha si uliiangalia?"

Mama Mkude, kutoka kwenye masufuria, akauliza, "Kwani Hamisi, huyu mwalimu ulimtoa shule gani?"

"Mimi? Si wewe mama uliyemleta?"

"Mimi leo nimeleta pilau. Mwalimu umemleta wewe."

Wakatazamana. Kisha wakanitazama, na watu wote wakafuata macho yao, na mashine siku hiyo ilikuwa imezimwa kwa heshima ya wageni, kwa hiyo hata kelele ya kujificha haikuwepo. Mwalimu Hamisi akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Samahani, wewe ni nani?"

Nikasema, "Mimi ni mtahiniwa."

Mzazi mmoja nyuma akauliza mtahiniwa gani huyo anayekaa kwenye viti vya walimu na kuandaliwa chai, na hapo kicheko kilichotoka sitakisahau, si kicheko kibaya, ni kile cha watu ambao kweli wamechekeshwa, ndiyo maana kiliingia ndani zaidi. Aliyekuwa hacheki ni mama yake Shukuru. Alikuwa ananitazama tu, khanga bado iko mkononi.

Mchungaji, nadhani kwa kunihurumia, akasema basi watahiniwa waje mbele tuwaombee, kila mmoja na kalamu yake. Wakatoka. Mimi nikabaki na kiti changu, najiuliza kama nina uso wa kwenda. Nikafikiria watoto wangu wa chekechea na yule atakayewekwa mahali pangu, nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikatembea kutoka upande wa walimu mpaka kwenye mstari wa wanafunzi, mwendo mfupi ambao kwangu ulikuwa kama kupanda milima ya Mgeta kwa miguu. Nikasimama mwisho, kando ya Rehema. Wote tumeinamisha vichwa, mchungaji anaomba, na Rehema akasema kwa ile sauti yake ya chini bila kunigeukia, "Madam, nilikuambia."

Nikamwambia najua, na anisamehe. Akasema amina, lakini sikujua kama ananijibu mimi au mchungaji.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Nisingerudi ningekuwa nimewatupia mzigo nikakimbia, na mimi mtihani nilikuwa bado nauhitaji. Mwalimu Hamisi alikuwa ameazima vitabu viwili kutoka Kingolwira, vile vilivyomo. Aliponiona akasema, wala si kwa hasira, leo wewe utasikiliza. Kilichofuata ni kwamba Rehema, ambaye alivisoma shuleni, alisimama mbele akatueleza, anasitasita, anarudia, anaandika herufi ndogondogo ubaoni mpaka tunasogeza madawati, na mimi nikanakili kama wengine. Nilipojaribu kumsaidia sentensi moja alinitazama tu, nikanyamaza.

Shukuru hakuja. Nikampigia, akasema kazi zimembana, Jumamosi abiria ni wengi. Jumamosi nyingine ikawa hivyo hivyo. Nikajua si abiria, ni lile joho alilolivaa mbele ya mama yake. Nikamtumia maelezo kwenye simu, akajibu asante madam, na nikajidanganya kwamba amesoma.

Siku ya mtihani nilimwona chumbani mbele yangu, ameinama anaandika, hainui kichwa. Tulipotoka akanifuata anacheka, akasema fasihi ameijaza mpaka karatasi imekuwa haitoshi. Nikamuuliza kwa kitabu gani.

"Cha kwako, madam."

Nikamkumbusha kwamba hakimo, kwamba sote tulisikia. Akasema anajua. "Vile vingine nilivisoma kwenye simu, havikuingia. Chako ndicho nilichokielewa. Nikasema labda msahihishaji atanihurumia."

Hakumhurumia. Rehema alifaulu vizuri kutuzidi sote, mimi nikapata alama ya katikati iliyonitosha kuingia chuo, na Shukuru akaanguka, kwa somo lile lile, kwa sababu mimi nafundisha vizuri hata nisichokijua. Nilikwenda kwao kumwomba radhi mama yake. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia yameshapita, na hakuniita mwalimu.

Sasa Shukuru anarudia tena, na nikiwa likizo anakuja kwangu Jumapili jioni tunasoma vile vitabu vilivyomo, ambavyo kila tukianza naulizia kwanza kama bado vimo. Nimeapa: sitasimama tena mbele ya mtu yeyote, mkubwa au wa chekechea, kabla sijamwambia mimi ni nani na ninajua mpaka wapi. Ni kiapo kigumu kwa mtu wa aina yangu. Jumapili iliyopita aliniuliza swali juu ya mhusika mmoja, na mimi maelezo yalikuwa yameshajipanga mdomoni, mazuri, ya kupendeza, ila ya kubuni. Nikaufunga mdomo. Nikamwambia, "Hapo sijui, Shukuru. Ngoja nimuulize Rehema."

Akanitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye kitabu.

"Ungeanza hivyo siku ile ya kwanza, madam," akasema, "saa hizi ningekuwa nachoma watu sindano."