Simu ya Verdiane kutoka kando ya barabara kuu

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijapanda juu ya mapaa ya Blacktown, kitongoji cha Sydney, Australia, lakini ukiweka kiganja kwenye lami unasikia joto la jana halijaondoka. Verdiane Akimana amefungua boneti ya Corolla yake nyeupe na kuinama juu ya injini. Anatazama maji ya rejeta, anaminya mpira wake kwa vidole, kisha anazunguka gari akikagua tairi moja moja. Kwenye kiti cha nyuma kuna boksi la kupozea, limejaa chupa za maji na taulo zilizoloweshwa.

“Watu wakiamka wananawa uso,” anasema huku akijifuta mikono. “Mimi nikimaliza wangu, namnawisha na huyu.”

Ni mwishoni mwa Januari 2021. Redio imetangaza kwamba joto la magharibi mwa Sydney litavuka nyuzi arobaini leo. Verdiane, mwenye umri wa miaka 33, ni mhudumu wa wazee majumbani. Huwaogesha, huwapikia, huwakumbusha dawa na kuwatembeza kidogo uani. Leo ana wazee watano, wa kwanza hapa hapa Blacktown, wa mwisho Westmead.

Hulipwa kwa saa anazokuwa ndani ya nyumba zao. Muda wa barabarani, na mafuta mengi ya gari, ni juu yake.

Tangu corona iingie, kazi hiyo imekuwa nzito zaidi. Akifika mlangoni huvaa barakoa, miwani ya plastiki na aproni ndefu isiyopitisha hewa. “Nje wanasema arobaini. Ndani ya ile aproni hakuna mtu amewahi kupima,” anasema, na kucheka.

Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi. Shule alisoma kwa Kiswahili, na ndiyo lugha anayohesabia na kuotea ndoto hadi leo. Alifika Australia akiwa na miaka 19, akafanya usafi kwenye hoteli, akafungasha mboga ghalani, kisha akapata cheti cha kutunza wazee.

“Wazee nilikuwa nawapenda tangu kambini,” anasema. “Mzee hakudanganyi. Chakula kibaya, anakwambia kibaya.”

Mteja wake wa kwanza leo ni Mama Nsimire, Mkongo wa miaka 76 kutoka Bukavu, anayeishi na mwanawe Mirindi, mke wa Mirindi na wajukuu. Hakuzaliwa na Verdiane katika ukoo mmoja wala hawatoki nchi moja. Kinachowaunganisha ni Kiswahili, kila mmoja na chake.

Verdiane anaingia na kwenda moja kwa moja madirishani. Anayafungua yote wakati hewa ya nje ingali baridi. Kabla ya saa tatu atayafunga tena na kushusha mapazia ya upande wa jua. Jagi la maji analiweka mahali ambapo mkono wa mzee unafika bila kunyanyuka.

Mwaka jana nyumba hii haikuwa hivyo.

Wakati ule Mama Nsimire alikuwa amefunga kila dirisha, usiku na mchana. Mtu alikuwa amemtumia ujumbe kwenye simu kwamba corona inaingia na upepo wa barabarani. Verdiane alimweleza, mwanawe akamweleza, naye akaitikia vizuri. Wakitoka, anafunga tena.

Isitoshe, maji alikuwa hanywi. Magoti yalimuuma, choo kilikuwa mwisho wa korido, na vidonge vya shinikizo la damu vilimpeleka huko mara kwa mara. Akaona dawa ni kupunguza kunywa.

“Nilisema, nikikunywa kidogo, nitatembea kidogo,” anakumbuka Mama Nsimire. “Nilizani ni akili.”

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, joto lilipanda hadi nyuzi 42. Mirindi alikuwa kazini ghalani, ambako simu za wafanyakazi hufungiwa makabatini hadi shifti iishe. Mkewe na watoto walikuwa wamekwenda kwa ndugu Macquarie Fields. Mama Nsimire alibaki peke yake, akimsubiri Verdiane aje mchana.

Verdiane alikuwa akitoka kwa mzee wa Westmead. Kabla ya kuwasha gari alimpigia Mama Nsimire kumwambia yuko njiani. Simu iliita mpaka ikakatika. Akadhani mama amesinzia.

Alikuwa ameshaingia barabara kuu ya M4 alipoona mshale wa joto la injini umepanda kwenye rangi nyekundu. Moshi mweupe ukaanza kufuka chini ya boneti. Akawasha taa za dharura, akalisogeza gari pembeni hadi mwisho wa lami, akatokea mlango wa kushoto na kuvuka reli ya chuma hadi kwenye majani makavu.

“Dada mmoja wa kanisani aligongwa akiwa amekaa ndani ya gari lililoharibika,” anasema. “Alipona, lakini mimi tangu hapo nilijiambia, gari likizima barabara kuu, mimi nakaa mbali nalo.”

Boneti hakuigusa. Aliita gari la msaada, kisha akampigia tena Mama Nsimire. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

“Mama Nsimire simu yake inalala naye kitandani,” anasema Verdiane. “Anaipokea kabla haijamaliza kuita. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.”

Akampigia Mirindi, simu ikaita bila jibu. Akapiga ofisini kwake, wakamwambia watatafuta mhudumu mwingine, labda baada ya saa moja. Malori yalipita yakimpulizia upepo wa moto usoni. Akaanza kupitia majina kwenye simu yake, akitafuta mtu yeyote aliye karibu na ile nyumba. Akafika kwenye jina la Noel.

Noel, 81, ni fundi wa mabasi aliyestaafu. Ukuta wa mbao tu ndio unaotenganisha nyumba yake na ya kina Mirindi, lakini kwa miaka mitatu walichofanya ni kupungiana mikono akimwagilia maua yake ya waridi. Namba ya Verdiane alikuwa ameiomba kwa sababu moja: gari la Verdiane liliwahi kuziba njia ya kutokea kwake. Alikuwa amempigia mara mbili, zote kulalamika.

“Bwana Noel, ni Verdiane. Yule wa gari jeupe,” akamwambia kwa Kiingereza.

“Umeziba tena?”

“Hapana. Nimeharibikiwa barabarani. Mama wa jirani yako hapokei simu na yuko peke yake. Nakuomba ukamgongee.”

Mzee ana ugonjwa wa mapafu, na daktari wake alikuwa amemwonya kwamba virusi vikimpata huenda asiamke.

“Mimi sijaingia nyumba ya mtu tangu Machi,” akasema.

“Najua, mzee wangu. Gonga tu. Akiitika, rudi kwako.”

Noel alikwenda, simu mkononi. Verdiane alimsikia akigonga mlango wa mbele, akiita, akihema. Kisha akasikia hatua zake zikizunguka kwenye changarawe. Mzee alichungulia dirisha la chumba cha kulala, mahali ambapo mapazia hayakukutana.

“Naona mguu,” akasema. “Uko sakafuni.”

“Piga sifuri tatu kwanza, waambie walete gari la wagonjwa,” Verdiane akamwambia. “Halafu nipigie mimi.”

Verdiane anasema alisimama akiikodolea macho simu kama anayeidai kitu.

Huko Blacktown, Noel alipiga namba hiyo ya dharura, akaelezwa la kufanya mpaka gari lifike. Akachukua nyundo gereji kwake na kitambaa cha kufutia vyombo. Kitambaa akakifunga usoni. Akavunja kioo kidogo cha mlango wa chumba cha kufulia, akaingiza mkono na kufungua kitasa.

“Mtu angeniona angeita polisi,” anasema Noel, ambaye maneno yake Verdiane anamtafsiria mwandishi. “Lakini pale ndani palikuwa kama umefungua oveni. Nikasahau polisi, nikasahau mapafu.”

Mama Nsimire alikuwa amelala kati ya kitanda na mlango. Ngozi ilikuwa kavu na inachoma, midomo imepasuka. Noel alilowesha taulo na kumwekea shingoni. Hapo mama akafungua macho.

Alichokiona ni mwanamume asiyemjua, uso umefungwa kitambaa, ameinama juu yake ndani ya chumba chake. Akapiga yowe na kumsukuma kwa kiwiko.

“Nilizani ni wale wenye walivunjaka mlango yetu kule Bukavu,” anasema sasa, kwa sauti ya chini. “Hata ile kitambaa ilikuwa vilevile. Nikasema, basi, wamenifuata hadi huku.”

Noel akampigia Verdiane. “Ananipiga! Anapiga kelele, sielewi neno hata moja!”

“Weka simu kwenye spika. Iweke sakafuni, karibu na sikio lake. Wewe usiseme kitu.”

Kisha, kando ya barabara kuu, akipaza sauti kuyashinda malori, Verdiane akaita:

“Mama Nsimire! Mama, ni mimi, Verdi! Unanisikia? Huyo si mtu mbaya, Mama. Ni jirani, yule mzee wa maua ya waridi. Nimemtuma mimi. Mwache akumwagie maji. Mwili wako unaungua.”

Yowe likakatika.

“Verdi?” sauti ikatoka, nyembamba. “Uko wapi?”

“Niko njiani, Mama. Nakuja.”

Gari lake lilikuwa bado linafuka moshi, na msaada haujafika. Lakini alisema hivyo, na Mama Nsimire akaacha kupigana.

Verdiane akawa anazungumza na wawili kwa zamu. Kwa Kiingereza alimwambia Noel afungue madirisha, awashe feni, aloweshe shuka na kumfunika nayo, amwekee chochote cha barafu makwapani. Noel akaleta mifuko ya njegere kutoka kwenye friza yake. Kwa Kiswahili alimshika mama kwa maneno asije akalala, akianza na sombe, yaani kisamvu.

“Mama, sombe ya kwenu mnaweka nini?”

“Mawese.”

“Na nini tena?”

Kimya.

“Mama! Na nini tena?”

“Biringanya,” akajibu Mama Nsimire, kwa sauti ya mtu aliyeudhika. “Wewe Verdi, hujui hata sombe?”

Noel anasema hakuelewa walichokuwa wakijadili, lakini aliona uso wa mgonjwa umekunjamana kwa hasira, akajua huyo bado yupo.

Waliendelea hivyo, kutoka sombe hadi samaki wa Ziwa Kivu, mpaka Verdiane aliposikia buti sakafuni na sauti ya mwanamke ikisema wamefika, wamemchukua. Akakaa chini kwenye majani makavu na kulia. Dereva wa gari la msaada alimkuta hivyo, akadhani analilia Corolla.

Mama Nsimire alilazwa. Daktari alimweleza Mirindi kwamba figo za mama yake zilikuwa zimeanza kuchoka, ila angepona. Kwa kuwa mwili ulikuwa na joto kali, alipimwa pia corona. Noel alijifungia kwake akisubiri majibu. Yalipotoka kwamba hana, Mirindi alikwenda mwenyewe ukutani kumpa habari.

“Nilimwambia, baba, sina neno la kukulipa,” anasema Mirindi. “Akaniambia nilete ile kitu walikuwa wanagombania kwenye simu.”

Sombe ilipitishwa juu ya ukuta Jumapili iliyofuata. Noel anakiri kwamba mara ya kwanza hakuipenda. Sasa hurudisha bakuli tupu.

Gari la Verdiane lilikuwa limepasuka mpira wa rejeta. Noel aliubadilisha gerejini kwake, huku Verdiane akisimama mlangoni na barakoa yake, akifundishwa la kutazama kila asubuhi ya kiangazi.

Mirindi naye alihamishia kitanda cha mama yake kwenye chumba kilicho jirani na choo, kisha akaweka kiyoyozi humo. Mama anakunywa maji bila kuhesabu hatua.

Lakini badiliko kubwa limetoka kwa mama mwenyewe. Tangu Desemba, redio ikitaja joto kali, wahudumu na waumini wanaozungumza Kiswahili magharibi mwa Sydney wamekuwa wakigawana wazee wa kuwapigia simu, Wakongo, Warundi na wengineo. Verdiane ndiye aliyeanzisha. Mama Nsimire aliposikia alidai naye apewe watu.

Asubuhi hii, uji ukiwa bado jikoni, yuko kwenye simu na bibi mmoja wa Macquarie Fields aitwaye Anésie.

“Umekunywa maji?” anauliza. “Hapana, si baadaye. Sasa. Leta gilasi karibu na simu, niko nasikiliza.”

Anatega sikio, uso mkali. Kisha anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mjukuu wake anapita akielekea friji, anamwambia jambo kwa Kiingereza, na bibi anamsukumia chupa ya maji bila kukata simu.

Verdiane anamtazama huku akifunga mapazia. Wiki mbili zijazo ataanza masomo ya uuguzi chuoni, jioni baada ya kazi. Mumewe Fiacre amebadilisha shifti ili abaki na watoto. Verdiane anaogopa kuandika insha kwa Kiingereza, anasema, na anaogopa kuwa mkubwa kuliko wote darasani. Hata hivyo ada ya kwanza imeshalipwa na sare ya mazoezi ya hospitalini imeshapimwa.

Anatarajia kufanya kazi katika wodi ya dharura, ambako watu wa lugha nyingi huingizwa kwa machela bila mtu wa kuwasemea.

“Siku ile mzee Noel alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na maneno,” anasema, akichukua ufunguo wa gari kwenda kwa mzee wa pili. “Nataka siku moja mgonjwa akiletwa, avikute vyote viwili kwangu.”