Sikio la Kondoo wa Kazungu

Admin, nifiche jina, na majina nitakayotaja si ya kweli. Nimemwacha rafiki yangu aitwe mwizi wa kondoo miaka yote hii, nami najua hakuiba. Mke wangu alikufa bila kulijua hili. Wanangu hawalijui hadi leo.

Nina miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi huku bara, nyuma ya Gede. Figo zimechoka, na daktari wa Kilifi ameacha kuniambia nirudi lini. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nilipostaafu nilifuga kondoo wetu wa asili, wale wa kichwa cheusi na mkia wa mafuta, wasio na sufu. Jirani yangu Kazungu alifuga vilevile, na mifugo yetu ilichungwa pamoja. Kila boma lilikata sikio kwa alama yake, ndivyo kila mtu alivyojua mali yake. Kisha akaja mnunuzi wa madume ya kusafirishwa Arabuni kwa meli. Akatuonya kwamba kondoo wa kuchinjwa Idi hatakiwi kuwa na kilema, na mwenye sikio lililokatwa hamchukui. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Nikasimama mbele ya watu nikapiga marufuku wembe kwa madume waliokuwa hawajakatwa.

Kazungu alicheka. "Mwalimu, masikio unayoyajua wewe ni ya kuvuta darasani. Bila alama tutagombana."

"Sisi si watoto," nikamjibu.

"Haya, mkubwa. Siku ukipotelewa usije kulia kwangu."

Na nikapotelewa. Kondoo wangu dume, yule niliyemtegemea, hakurudi kutoka malishoni. Asubuhi nikamwona, au nilidhani nimemwona, kwenye zizi la Kazungu. Wake na wangu walikuwa wa baba mmoja, wamefanana hata mama zao wangekosea. Niliita watu na kutamka neno mwizi kabla hata ya kumsalimu.

Wazee wakaketi. Kazungu akamburura kondoo yule hadi miguuni pangu. "Mshike. Mtazame vizuri, kisha uniambie ni wako."

Nikamshika kichwa, nikampapasa masikio yote mawili. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu hawezi kusema uongo kwa ajili ya kondoo."

Nikasema, "Ni wangu."

Kazungu hakubisha tena. "Mchukue. Ila salamu yangu na yako imeishia hapa." Akahamisha boma lake. Shuleni, watoto wake wa mwisho walikuwa wakipita wenzao wanawalilia "mee." Nami nilimuuza yule kondoo. Mnunuzi alimpapasa masikio akanisifu: "Mwalimu, huyu hana doa."

Wangu sikumwona tena. Nadhani fisi alimla.

Sasa mjukuu wangu Sidi anaposwa na mjukuu wa Kazungu, na wanapendana kweli. Mwanangu amekataa katakata. "Baba, tuchanganye damu na ukoo wa wezi? Si wewe ndiye uliyeibiwa?" Juzi Sidi aliketi kando ya kitanda changu, akaniuliza, "Babu, wewe wasemaje?" Nikajifanya nimelala.

Jumapili wataitwa wazee wa kijana waambiwe wasirudi tena. Niseme mbele ya wote? Au nimtumie Kazungu ujumbe kwanza, kama atakubali kukanyaga kwangu? Na mtu uliyemvunjia jina namna hii, anaombwaje radhi? Ninyi mnaosoma hapa, nielekezeni. Muda sina.

Lakini kwanza nimalize, maana hata hapa nimezungukazunguka. Juma lile nililokataza wembe, nilirudi nyumbani nikamtia kondoo wangu alama kwa siri, mkato mdogo kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto, uliofichwa na manyoya, ambao mnunuzi asingeuona. Sikuwaamini jirani zangu.

Yule niliyemshika mbele ya wazee, masikio yake yalikuwa mazima.